Nendeni Mapema: Mzazi na Kijana Wakitembelea Chuo Pamoja, Mfano wa Parklands

Somo hili ni la kusomwa na watu wawili: mzazi au mlezi, na kijana aliye katika shule ya upili. Lisomeni pamoja mezani. Lina sehemu saba, na mwisho kuna maswali ya kujadili na kazi ya kufanya likizo ijayo.

Kila mwaka, wiki ambazo vyuo hupokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza, jiji letu huona picha ile ile. Mzazi na kijana wanashuka kwenye matatu wakiwa na sanduku, godoro lililokunjwa, ndoo na bahasha ya stakabadhi. Wanauliza njia langoni. Wanapanga foleni ya usajili, kisha foleni ya malipo, kisha foleni ya chumba. Jioni mzazi anarudi nyumbani peke yake. Kwa familia nyingi, hiyo ndiyo siku ya kwanza kwa yeyote kati yao kukanyaga chuo hicho.

Nia ni njema, lakini wamechelewa. Siku hiyo kozi imeshachaguliwa na pesa zimeshaanza kutoka. Kijana akigundua kwamba kozi si ile aliyodhani, au mzazi akigundua kwamba gharama ni kubwa kuliko alivyohesabu, kurudi nyuma ni kugumu. Uhamisho upo, ila una masharti yake, muda wake na foleni zake.

Tunachopendekeza ni safari ile ile, ila ifanywe mwaka mmoja au miwili kabla, bila sanduku na bila godoro. Mnakwenda wawili kuangalia na kuuliza, kisha mnarudi nyumbani wote wawili.

SEHEMU YA 1: KWA NINI PARKLANDS

Tumechagua Parklands kwa sababu mtaa huu una vyuo vya aina mbili vinavyoweza kutembelewa katika siku moja. Kitivo cha Sheria cha Chuo Kikuu cha Nairobi kipo katika Bewa la Parklands. Hicho ni chuo cha umma. Katika mtaa uo huo, pembeni mwa Barabara ya Limuru, kuna Chuo Kikuu cha Aga Khan, ambacho ni cha kibinafsi na kinafundisha uuguzi na udaktari kando ya hospitali iliyofunguliwa mwaka wa 1958. Mzazi wa Kangemi, Deep Sea, Highridge au Mountain View, wadi na mitaa ya Kaunti Ndogo hii ya Westlands, hahitaji zaidi ya nauli ya matatu moja au mbili kufika hapo.

Hilo si jambo dogo. Wazee wetu hawakuwa na nafasi hiyo. C. M. G. Argwings-Kodhek, ambaye barabara ya Hurlingham imepewa jina lake, alikuwa Mwafrika wa kwanza kutoka Kenya kuwa wakili. Alilazimika kusomea Uingereza, kwa sababu hapa hapakuwa na mahali pa kusomea sheria. Mwezi wa Septemba 1959, wanafunzi 81 waliondoka Embakasi kwa ndege kwenda kusoma Marekani, katika mpango uliosimamiwa na Tom Mboya. Wazazi wao waliwaaga uwanjani na kurudi nyumbani. Hakuna aliyeweza kwenda kwanza kuona darasa, bweni au majirani.

Chuo cha kwanza cha aina hii jijini, Royal Technical College, kilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwezi wa Aprili 1956. Mwaka wa 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka huo huo mafunzo ya shahada ya sheria yakaanza Nairobi. Kabla ya hapo, mwanafunzi wa sheria wa Afrika Mashariki aliyetaka kusomea nyumbani alikwenda Dar es Salaam, ambako kitivo kilifunguliwa mwaka wa 1961. Kwa hiyo, mzazi anapoweza kuvuka barabara tu kwenda kuona anakopeleka pesa zake, asiikose nafasi hiyo.

SEHEMU YA 2: FAMILIA YA MFANO

Ili somo lieleweke, tuseme kuna mama mmoja anayeuza mboga katika soko la Kangemi. Binti yake yuko Kidato cha Tatu. Mama anataka binti asomee sheria. Sababu yake anaijua vizuri: familia yao ilipoteza kipande cha shamba kijijini kwa sababu hawakuwa na wakili wala mtu wa kuwasomea karatasi. Binti hajawahi kusema hapana. Hajawahi kusema ndiyo pia. Kila jambo hilo likitajwa, anashika simu yake au anatoka nje.

Familia nyingi ziko hapo. Mzazi anazungumza na kijana ananyamaza. Mzazi huchukua ukimya huo kuwa kukubali, na kumbe sivyo. Ukweli hujitokeza mwaka wa pili wa chuo, kijana anapoacha kuhudhuria masomo.

Ziara ya chuo husaidia kwa sababu inawapa wote wawili kitu cha tatu cha kuangalia. Badala ya kutazamana na kubishana, wanatazama pamoja darasa, ratiba na karatasi ya karo. Maswali yanaelekezwa kwa mtu wa ofisi, wala si kwa mmoja wao.

SEHEMU YA 3: KABLA YA KUTOKA NYUMBANI

Ziara nzuri huanza wiki moja kabla. Fanyeni mambo manne.

Kwanza, jueni alama. Chukueni ripoti ya muhula uliopita. Kwa kawaida, anayetaka shahada kupitia KUCCPS, yaani huduma ya kitaifa inayowapangia wanafunzi nafasi za vyuo vikuu na vyuo vya kadri, anahitaji wastani wa C+ au zaidi katika KCSE. Diploma inahitaji C- na kuendelea, cheti kinahitaji D na kuendelea, na kozi za ufundi wa ngazi ya kwanza ziko wazi kwa mwenye matokeo ya KCSE hata akiwa chini ya hapo. Juu ya wastani huo kuna alama za kundi, zinazotokana na masomo manne yanayohusiana na kozi na kuhesabiwa kati ya 48. Kiwango cha chini cha kuingia hupanda na kushuka mwaka hadi mwaka, kwa kuwa hutegemea wangapi wameomba. Kwa hiyo kiwango cha mwaka jana kinakuonyesha tu mambo yanavyoelekea. Hakikuhakikishii nafasi.

Pili, jueni masharti ya kozi yenyewe. Sheria ni mfano mzuri. Wastani wa C+ pekee hautoshi. Lazima mwanafunzi awe na B, wala si B-, katika Kiingereza au Kiswahili. Wazazi wengi hawajui sehemu hiyo ya mwisho. Kijana aliye na B- ya Kiingereza anaweza kukata tamaa bure, ilhali Kiswahili chake ni B+ na kinamfungulia mlango ule ule.

Tatu, pigeni simu au andikeni barua pepe kwa ofisi ya kitivo mkiuliza siku ifaayo. Chagueni siku ya kazi wakati masomo ya chuo yanaendelea. Bewa lililo wazi wakati wa likizo litawaonyesha majengo tu, bila maisha ya wanafunzi. Mzazi abebe kitambulisho cha taifa, na kijana abebe kitambulisho cha shule au nakala ya cheti cha kuzaliwa, kwa maana langoni mtaulizwa mnakwenda wapi.

Nne, gawaneni maswali. Hili ndilo muhimu zaidi. Kila mmoja aandike maswali yake matano kwenye karatasi yake, na mkubaliane kwamba kila mtu atauliza ya kwake. Kijana aulize kuhusu masomo, wahadhiri na maisha ya wanafunzi. Mzazi aulize kuhusu pesa, usalama na muda. Mzazi akianza kuuliza maswali yote, afisa atamjibu mzazi, na kijana atasimama pembeni kama mzigo uliosindikizwa.

SEHEMU YA 4: MKIWA BEWANI

Mama na binti wa mfano wetu wanapanda matatu ya Waiyaki Way hadi Westlands, kisha wanaingia Parklands. Wamefika saa tatu asubuhi. Wafanye nini?

Waanze na ofisi ya kitivo, waombe karatasi mbili: orodha ya masomo ya kila mwaka, na muundo wa karo. Karatasi hizi zina manufaa kuliko kijitabu chenye picha za kupendeza. Katika orodha ya masomo binti ataona mambo ambayo sinema za mahakama hazionyeshi: sheria ya mikataba, sheria ya ardhi, sheria za katiba, uandishi na utafiti, kurasa nyingi za kusoma kila wiki. Asome majina hayo polepole na ajiulize ni yapi angependa kuyafungua hata kama hakuna mtihani.

Kisha waende maktaba. Hata wakiishia mlangoni, waangalie kama viti vimejaa saa hiyo ya asubuhi. Waangalie ubao wa matangazo: ratiba za mitihani, vyama vya wanafunzi, mashindano ya kesi za mfano, tangazo la mtu anayetafuta wa kukaa naye chumba kimoja. Ubao huo husema mengi kuhusu chuo kuliko hotuba.

Wapite vyooni. Wapite mahali pa kula na kuangalia bei ya chai na ya sahani ya chakula. Ikiwa kijana anatumia kiti cha magurudumu au haoni vizuri, waangalie ngazi, lifti na njia. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata elimu na kufika mahali pa umma, lakini ni vyema kujua mapema kama jengo lenyewe linafikika.

Halafu kijana apewe nusu saa yake. Mzazi akae kwenye benchi au anywe chai, na kijana azungumze na wanafunzi wawili watatu bila mzazi kuwa karibu. Wazazi wengi huona ugumu hapa, lakini ni nusu saa ya thamani sana. Mwanafunzi hatamwambia mzazi kwamba kuna somo ambalo nusu ya darasa hulirudia, wala kwamba yeye mwenyewe alitaka kuacha mwaka wa kwanza. Kijana mwenzake atamwambia.

Maswali mazuri ya kuwauliza wanafunzi ni haya. Unaamka saa ngapi, na unafika nyumbani saa ngapi? Ni somo gani lililokushtua? Ukikwama, unamwendea nani? Ungejua unayoyajua sasa, ungechagua kozi hii tena?

Wakitoka Kitivo cha Sheria, wapitie pia Chuo Kikuu cha Aga Khan hata kama hawana mpango nacho, na waombe karatasi zile zile mbili. Wakizilinganisha, hawatazungumza tena kuhusu chuo kizuri na chuo kibaya. Watauliza kozi ni ipi, kwa bei gani, kwa muda gani, na mwishowe kuna kazi gani.

SEHEMU YA 5: HESABU YA PESA, HADI MWISHO

Kosa la kawaida ni kuhesabu karo ya muhula wa kwanza tu. Hesabuni hadi mwisho wa safari.

Tuendelee na sheria. Shahada ni miaka 4. Lakini mwenye shahada ya sheria bado si wakili. Anatakiwa kupitia mafunzo ya mawakili katika Kenya School of Law, iliyoko Karen, kufanya kazi ya mafunzo kwa miezi 6 chini ya wakili mwenye uzoefu, na kufaulu mitihani inayosimamiwa na Baraza la Elimu ya Sheria. Kenya School of Law ina masharti yake ya kujiunga na karo yake, nayo yaulizwe kivyake. Kwa hiyo mama wa Kangemi asipange miaka 4. Apange zaidi ya 5.

Pili, hesabuni gharama ambazo haziko kwenye karatasi ya karo. Chukueni kalamu. Ikiwa nauli ni shilingi 80 kwenda na 80 kurudi, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 15 za muhula, hiyo ni shilingi 12,000. Ikiwa chakula cha mchana ni shilingi 150 kwa siku, kwa siku hizo hizo, ni shilingi 11,250. Jumla ni shilingi 23,250 kwa muhula, yaani 46,500 kwa mwaka wa mihula miwili, kabla ya kitabu kimoja kununuliwa au bando ya intaneti kuwekwa kwenye simu. Badilisheni tarakimu hizo zilingane na nauli yenu na bei mlizoziona bewani. Hata hivyo, kijana wa Westlands anayelala nyumbani anaokoa kodi ya chumba. Hiyo ni faida ya chuo cha jirani, na mara nyingi hatuitii maanani.

Tatu, ulizeni kuhusu msaada. Tangu mwaka wa 2023, serikali kuu imekuwa ikigawa ufadhili wa vyuo vya umma kwa kuangalia hali ya kila familia: sehemu ni msaada usiolipwa, sehemu ni mkopo wa HELB, na sehemu inabaki kwa familia. Mfumo huo umepingwa mahakamani, kwa hiyo thibitisheni masharti ya mwaka mnaoingia. Mambo mawili ya kukumbuka: msaada hauji wenyewe, lazima mwanafunzi aombe, na mkopo ni deni la mwanafunzi, si la mzazi. Mkopo wa HELB kwa shahada ya kwanza hutozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Kijana atakayelipa deni hilo ana haki ya kuwa na sauti kuhusu kozi inayoliletea. HELB ina ofisi katika jengo la Anniversary Towers katikati ya jiji, na pia huhudumu katika vituo vya Huduma.

SEHEMU YA 6: TAHADHARI KUHUSU VYUO VISIVYO NA KIBALI

Si kila jengo lenye bango la chuo ni chuo. Kabla ya kutoa shilingi yoyote, hakikisheni mambo haya:

Chuo kikuu kinapaswa kuwa kwenye orodha ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, inayojulikana kama CUE. Chuo cha ufundi au cha kadri kinapaswa kuwa na leseni ya TVETA, mamlaka iliyoundwa na sheria ya mwaka wa 2013.

Kozi inayohusu taaluma iwe pia imekubaliwa na bodi ya taaluma hiyo. Kwa sheria ni Baraza la Elimu ya Sheria, kwa uuguzi ni Baraza la Wauguzi, kwa uhandisi ni Bodi ya Wahandisi. Chuo kinaweza kuwa na kibali halali huku kozi moja ndani yake ikikosa idhini. Anayeumia ni mwanafunzi, siku anapokwenda kusajiliwa kazini akaambiwa cheti chake hakitambuliwi.

Msimpe mtu yeyote pesa mkononi, wala msitume kwa namba yake binafsi ya simu, hata akisema anafanya kazi ofisini humo na kwamba nafasi zinakaribia kuisha. Lipeni kwa njia rasmi ya chuo na mdai risiti.

Mkifika na kukuta kwamba chuo ni chumba kimoja juu ya duka, hakuna maktaba, hakuna ratiba ukutani, na afisa anazungumzia malipo kabla ya kuuliza alama za kijana, shukuruni na muondoke. Nauli mliyotumia itakuwa imewaokolea karo ya mwaka mzima.

SEHEMU YA 7: MAZUNGUMZO YA KURUDI

Turudi kwa mama na binti. Wamekaa kituoni Westlands, wamechoka, wana karatasi mkononi. Mama anaanza:

"Umeona mwenyewe. B ya Kiswahili unayo. Mlango uko wazi."

Binti anakaa kimya kidogo, kisha anasema: "Mama, ile orodha nimeisoma yote. Ni somo la ardhi tu nililolipenda. Mimi napenda kupima ardhi yenyewe. Nataka kuwa soroveya."

"Soroveya? Tangu lini?"

"Tangu wale watu walipokuja shambani na vifaa vyao, wakaweka mawe ya mpaka. Wewe ulikuwa unamtafuta wakili. Mimi nilikuwa nawaangalia wao."

Mama hakulijua hilo. Kwa miaka mitatu walikuwa wakilibeba shamba lile lile, kila mmoja kwa upande wake. Hapo mzazi anaweza kusema mambo mawili. Anaweza kusema, "Wacha mchezo, mimi ndiye nitakayelipa," na mazungumzo yakaisha kituoni. Au anaweza kuuliza, "Hiyo inasomewa wapi, na inataka alama gani?"

Swali hilo la pili halina maana kwamba mzazi amekubali. Ni swali la kutaka kujua tu. Na jibu lake lina uzito wake, kwa sababu upimaji ardhi unategemea Hisabati na Fizikia. Ikiwa Fizikia ya binti ni D, afadhali ajue akiwa Kidato cha Tatu, bado ana mwaka wa kuirekebisha, kuliko kujua matokeo yakiwa yametoka. Wakitafuta zaidi wataona kuna njia kadhaa: shahada katika Chuo Kikuu cha Nairobi au Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya, na diploma katika Kenya Institute of Surveying and Mapping, Ruaraka. Ziara ya pili imeshajipanga.

Mama anaweza pia kubaki na hoja yake, na iwe ya haki. Anaweza kusema kwamba vifaa vya kazi hiyo ni ghali, au kwamba ana hofu kuhusu msichana kufanya kazi ya porini. Binti anapaswa kuzijibu hoja hizo kwa habari, si kwa kununa. Heshima inadaiwa pande zote mbili. Kijana asione kila swali la mzazi kuwa ni kizuizi, na mzazi asione kila ndoto ya kijana kuwa ni utovu wa adabu.

Kanuni tatu zitawasaidia katika mazungumzo ya kurudi. Kijana aanze kusema, mzazi asikilize hadi mwisho. Hakuna uamuzi unaotolewa siku hiyo, kwa maana uchovu na njaa ni washauri wabaya. Na kila mmoja aandike jambo moja lililomfurahisha na moja lililomtia wasiwasi, mbadilishane karatasi kesho yake.

KWA WALIO KATIKA MTAALA MPYA, NA KWA WASIOELEKEA CHUO KIKUU

Darasa la mwisho la mfumo wa 8-4-4 litafanya KCSE mwaka wa 2027. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi, yaani CBC, waliingia Gredi ya 10 mwezi wa Januari 2026, ambapo kila mmoja husoma katika njia moja kati ya tatu: sayansi na teknolojia inayoitwa STEM, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Uchaguzi huo unakuja mapema kuliko zamani. Familia iliyotembelea chuo kijana akiwa Gredi ya 8 au ya 9 itachagua njia ikijua inaelekea wapi.

Na ziara si ya vyuo vikuu tu. Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, vyuo vya ufundi vya mashinani ni jukumu la serikali za kaunti. Hapa Nairobi kuna kituo cha mafunzo ya ufundi cha Waithaka, na pia kuna Kabete National Polytechnic kwa ngazi za juu zaidi, iliyoanza kama kituo cha ufundi mwaka wa 1924. Mzazi anayemtembeza kijana karakana ya umeme, ushonaji, useremala au upishi amefanya kazi ile ile ya mzazi aliyekwenda Parklands. Kijana atakayepata D+ akiwa tayari ameiona karakana na kuipenda hataichukulia D+ hiyo kuwa mwisho wa dunia.

MASWALI YA KUJADILI

1. Mzazi: Ni kozi gani unayotaka kijana wako asome, na ni tukio gani katika maisha yako lililokufanya uitake? Umewahi kumsimulia?

2. Kijana: Ni jambo gani kuhusu masomo yako ambalo hujawahi kumwambia mzazi kwa kuogopa jibu lake?

3. Nyote: Andikeni masharti ya kozi mbili mnazozifikiria, na mlinganishe na ripoti ya muhula uliopita. Pengo liko wapi, na mna muda gani wa kuliziba?

4. Nyote: Fanyeni hesabu ya nauli na chakula ya Sehemu ya 5 kwa tarakimu zenu. Nani atalipa nini?

5. Katika mfano wetu, mama na binti walikuwa na sababu moja, yaani shamba, wakatoa majibu mawili tofauti. Je, nyumbani kwenu kuna jambo kama hilo?

KAZI YA LIKIZO IJAYO

Chagueni chuo kimoja kilicho umbali wa nauli moja au mbili kutoka nyumbani. Pigeni simu. Nendeni wawili, siku ya kazi, na maswali kumi kwenye karatasi mbili. Rudini na orodha ya masomo na muundo wa karo, mzitie kwenye bahasha moja na vyeti vya shule. Siku ya kuchagua kozi itakapofika, anzeni kwa kuifungua bahasha hiyo.